Je, Wajua? Rafu za Timau na Safari Ndefu ya Maktaba ya Umma

Msafiri anayetoka Nanyuki kwenda Meru hupita Timau macho yakiwa kwenye mambo mawili: Mlima Kenya ulio upande wa kulia, na mabanda meupe ya nailoni ambamo maua ya kupelekwa Ulaya hukuzwa. Akipita asubuhi huongeza la tatu, baridi. Lakini je, wajua kwamba mji huu mdogo wa Buuri, ulioko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, umo pia katika orodha ya miji ya Kenya yenye tawi la Huduma ya Taifa ya Maktaba, ile inayofahamika kwa herufi KNLS? Katika kaunti hiyohiyo ya Meru kuna tawi la Meru mjini, lingine Gatimbi na lingine Mikumbune. Ukizunguka mlima kuelekea kusini utakuta la Chuka, kisha la Embu. Kwa sehemu ambayo magazeti huitaja kwa miraa, chai na kahawa, hiyo ni habari inayostahili kuandikwa.

Thamani ya maktaba katika mji wa namna hii huanzia kwenye meza na kiti. Vibarua wengi wa mashamba makubwa hupanga chumba kimoja. Humo ndimo kitanda, ndimo jiko, ndimo watoto na redio. Mtahiniwa wa kidato cha nne anayeishi humo hana pa kutandaza daftari baada ya saa kumi na mbili jioni, na mchana wa likizo hali ni ileile, maana wadogo zake wapo. Maktaba humpa mwanga, utulivu na kiti ambacho hakuna anayemdai anunue chai ndipo akikalie. Katika mji wa biashara, mahali pa aina hiyo ni pachache mno. Kanisani na msikitini watu huenda kusali, hotelini huenda kula, na kituo cha matatu si mahali pa kukaa.

Ndiyo maana wengi wa wanaojaza maktaba za umma za Kenya ni wanafunzi, hasa wanaokaribia mitihani. Wapo wanaolalamika kwamba wanafunzi hao huja na vitabu vyao wenyewe na hawagusi vya rafuni, kwa hiyo maktaba imegeuka kuwa chumba cha kujisomea tu. Mimi silioni hilo kuwa kosa. Mtoto aliyezoea kuketi katikati ya rafu atanyanyua kichwa siku moja asome mgongo wa kitabu kilicho mbele yake, na mkono utafuata. Kosa ni pale watu wazima wanapodhani kwamba nyumba ile ni ya watoto wa shule peke yao.

Hebu tuseme na hao watu wazima. Je, wajua kwamba karibu kila kinachomea Timau kina namba yake maktabani? Mwaka 1876 Mmarekani Melvil Dewey alichapisha mpango wa kugawa elimu yote ya wanadamu katika mafungu kumi, kila fungu likagawanyika tena na tena kwa nukta za desimali. Mpango huo ndio unaopanga vitabu katika maktaba nyingi za umma za Afrika Mashariki hadi leo. Ngano iko 633.11. Mahindi, 633.15. Shayiri, ile inayolimwa kwenye miinuko ya Timau na kuishia kwenye viwanda vya bia, iko 633.16. Viazi, ambavyo wenyeji huviita waru, viko 635.21. Maua yako 635.9, na ukivuka kidogo hadi 636 unakutana na ng'ombe, kondoo na kuku. Mkulima anayetaka kujua kwa nini majani ya viazi vyake yanakuwa meusi baada ya siku tatu za ukungu hahitaji kujua jina la mwandishi yeyote. Anahitaji namba tatu na desimali, au mkutubi wa kumwonyesha. Namba hizohizo atazikuta Embu, atazikuta Kisumu, na akisafiri mbali zaidi atazikuta katika maelfu ya maktaba za nchi nyingine, pamoja na 896.392 ambapo fasihi ya Kiswahili huwekwa.

Huo ni usawa wa aina yake, na haukuja bure. Historia ya maktaba nchini Kenya ni historia ya milango, nani aliruhusiwa kuingia na nani alibaki nje.

Je, wajua kwamba maktaba ya kwanza ya umma nchini iliyowakaribisha watu wa rangi zote ilikuwa Mombasa? Maktaba ya Seif bin Salim na chumba chake cha kusomea bila malipo ilifunguliwa mwaka 1903, wakati Nairobi ilikuwa bado mji mchanga uliozaliwa na reli. Pwani ilikuwa na mazoea ya siku nyingi ya kuandika, kunakili na kuazimana vitabu, basi si ajabu kwamba mlango wa kwanza ulifunguka huko.

Nairobi ilienda njia nyingine. Mwaka 1931 ilifunguliwa maktaba ya McMillan, jengo la nguzo nzito na sanamu za simba mlangoni, lililojengwa na Lucie McMillan kwa kumkumbuka mumewe, Northrup, tajiri wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1925. Shirika la Carnegie la New York lilichangia fedha. Mwaka 1938 jengo hilo likatungiwa sheria yake lenyewe, heshima ambayo majengo machache sana hupata. Lakini hadi 1958 lilikuwa la Wazungu peke yao. Mwafrika aliweza kufagia ngazi zile na asiweze kuketi ndani na kufungua kitabu. Na tazama jinsi miaka inavyokutana: mwaka uleule wa 1931, huko Madras nchini India, mkutubi S. R. Ranganathan alichapisha kanuni zake tano za ukutubi, ambazo wanafunzi wa fani hiyo husomeshwa duniani kote hadi leo. Ya pili inadai kwamba kila msomaji apatiwe kitabu chake. Kanuni hiyo na kufuli la McMillan vilizaliwa katika himaya moja, mwaka mmoja.

Timau yenyewe ilikuwa upande gani wa mlango? Ardhi nzuri ya pale ilikuwa sehemu ya nyanda za juu zilizotengewa walowezi. Na hapa kuna jambo ambalo hata wenyeji wengi hawalijui. Mmoja wa walowezi waliojulikana sana pale, Will Powys wa shamba la Kisima, alitoka katika moja ya familia za waandishi mashuhuri wa Uingereza. Walizaliwa watoto 11 katika nyumba ya kasisi, na ndugu zake watatu, John Cowper, Theodore na Llewelyn, wote waliishi kwa kalamu. Llewelyn aliwahi kuja Kenya akafuga kondoo pamoja naye miaka ya Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akarudi kwao na kuandika juu ya nchi hii kitabu kiitwacho Black Laughter, kilichotoka mwaka 1924. Will alibaki hadi alipofariki mwaka 1978. Kwa hiyo vitabu, na watu wa vitabu, vilifika kwenye miteremko ya Timau zamani sana. Kilichochelewa ni ruhusa ya mchungaji wa kondoo wale kuvisoma.

Ruhusa ilianza kuja ndani ya masanduku. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, maelfu ya askari wa Afrika Mashariki walirudi makwao wakiwa wamejifunza kusoma, na serikali za kikoloni zikajiuliza watu hawa watasoma nini. Elspeth Huxley, mwandishi aliyelelewa Thika, alipewa kazi ya kuchunguza. Kutokana na mapendekezo yake, mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, ikiongozwa na Charles Richards. Shirika hilo lilichapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha za wenyeji, na kwa wale walioishi mbali na miji lilipeleka masanduku ya vitabu mashuleni na kwenye vituo vya jamii. Msomaji aliyekuwa peke yake kijijini aliweza pia kuazima kwa posta. Fikiria kitabu kikisafiri kwa gari moshi na basi, kikapokelewa dukani kwa Mhindi au kwenye misheni, kikasomwa kwa taa ya chemni, kisha kikafungwa tena kwa karatasi ya kahawia na kurudishwa. Watu walifanya hivyo kwa miaka mingi.

Mwaka 1960 mtaalamu mmoja, Sydney Hockey, aliandika ripoti akishauri kila nchi iwe na bodi yake ya maktaba, yenye mtandao wa matawi badala ya kila halmashauri kuhangaika peke yake. Tanganyika ilitunga sheria yake 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Tanzania ilikimbia kuliko wote: tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam. Sheria ya Kenya, iliyo Sura ya 225, iliipa bodi kazi ya kuanzisha, kuendesha na kustawisha maktaba nchini. Hiyo ndiyo mizizi ya tawi la Timau, na matawi ya KNLS yalikuja kuzidi 50, kuanzia Kibera hadi Moyale.

East African Literature Bureau nayo ilikufa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani mwaka 1977, lakini upande wa Kenya ulifufuka kwa jina la Kenya Literature Bureau. Mwanafunzi wa Timau aliye na kitabu chenye herufi KLB mgongoni ameshika mjukuu wa yale masanduku.

Na ngamia je? Hakuna makala ya maktaba za Kenya inayoweza kuwaruka. Oktoba 1996 KNLS ilianzisha Garissa maktaba inayosafiri kwa ngamia, ikianza na watatu, kwa sababu gari halikuweza kufika kwa wafugaji kwa barabara zile. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu na mwingine hema, kisha watoto huketi juu ya mikeka na kusoma. Huduma ikaenea hadi Wajir. Mwaka 2007 Mmarekani Masha Hamilton alitoa riwaya nzima iliyotokana na habari hiyo. Napenda sana habari ya ngamia, ila nasikitika kwamba ndiyo pekee inayofika ng'ambo. Mkutubi anayefungua mlango wa tawi la mji mdogo kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka, hapigwi picha na mtu, na yeye ndiye anayebeba mzigo mkubwa zaidi.

Sasa turudi mlimani, kwenye rafu ya historia, 967.62. Je, wajua kwamba watu wa Meru na Embu wameandikiwa vitabu vizito ambavyo wajukuu zao wengi hawajawahi kuviona? Mwaka 1959 Bernardo Bernardi, mmisionari wa Consolata aliyekuwa pia mwanaanthropolojia, alichapisha kitabu kuhusu Mugwe, kiongozi wa kiroho aliyewabariki Wameru. Mwaka 1973 H. S. K. Mwaniki alikusanya historia simulizi ya Waembu na Wambeere hadi 1906, mwaka ambao Waingereza waliingia kwa bunduki, na mchapishaji akawa East African Literature Bureau ileile. Mwaka 1993 Jeffrey Fadiman alitoa kupitia chuo kikuu cha California kitabu cha historia ya Meru kilichojengwa juu ya mazungumzo na wazee. Wazee waliosimulia wameshatangulia. Sauti zao zimebaki ndani ya kurasa, na kurasa hizo ni ghali, chache, na nyingine hazichapishwi tena. Mtu wa kawaida hatazinunua. Maktaba ya umma ndiyo njia pekee anayoweza kuzipata, na kama kuna nakala moja tu ambayo kaunti inapaswa kuitafuta kwa udi na uvumba, ni nakala ya vitabu vya aina hii. Kijana wa Buuri anaweza kulitaja jina la Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, kila siku na asijue baraza hilo lilivyofanya kazi kabla ya mkoloni.

Kuna pia waandishi waliotoka kandokando ya mlima na kuandika kwa Kiswahili. Kithaka wa Mberia alizaliwa Tharaka, na tamthilia yake Kifo Kisimani, ya mwaka 2001, ilisomwa na watahiniwa wa shule za upili nchi nzima. Profesa Ireri Mbaabu alieleza historia ya usanifishaji wa Kiswahili. Mtoto wa Timau aliyezoea kudhani kwamba Kiswahili kizuri ni cha watu wa pwani peke yao angefaidika kuyaona majina hayo rafuni.

Jaribu jambo moja dogo ukiwa hapo. Geuza kitabu chochote uangalie namba ndefu iliyoandikwa juu ya mistari ya kupigiwa mashine dukani. Ikianza 978 kisha 9966 au 9914, kitabu hicho kimechapishwa na mchapishaji wa Kenya. Ikiwa 9970 ni cha Uganda, na 9976 au 9987 ni cha Tanzania. Kwa Kenya, namba hizo hutolewa na KNLS yenyewe. Kwa hiyo shirika lililoweka rafu mjini kwenu ndilo pia linalotoa namba za vitabu vipya vya taifa.

Haya basi, nani anapaswa kulilipia jambo hili la maktaba? Je, wajua kwamba Katiba ya 2010 imelitaja wazi? Jedwali la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, lina kifungu kimoja kinachoorodhesha kamari, mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema, maonyesho ya video, maktaba, makumbusho, michezo, bustani na fuo, vyote vikiwa kazi za kaunti. Maktaba iko herufi chache tu baada ya pombe. Ujirani huo una uzito wake: leseni za pombe huiingizia kaunti pesa, maktaba huitoa. Mwenye kupanga bajeti bila kusukumwa na mtu atajua upi kati ya miradi hiyo miwili humletea faida kabla ya uchaguzi. Tunaoamini vitabu lazima tuwe sauti ya ule usioingiza kitu.

Mzigo umeongezwa na ushuru. Kabla ya Sheria ya VAT ya 2013 vitabu havikutozwa kodi hiyo. Sheria ikaweka asilimia 16. Kitabu cha shilingi 1,000 kikawa cha 1,160. Kwa familia inayolipwa kwa siku, ni kilo kadhaa za unga. Kwa maktaba inayonunua vitabu 100, fedha za vitabu 16 zimekwenda kwenye kodi. Kadiri kitabu kinavyokuwa ghali dukani, ndivyo maktaba inavyopaswa kuwa na nguvu zaidi, na hesabu hiyo haihitaji uchumi mwingi kuielewa.

Dunia nzima imekubaliana juu ya kanuni. UNESCO ilitoa tamko lake kuhusu maktaba za umma mwaka 1949, na limeandikwa upya mara kadhaa, la karibuni mwaka 2022. Linasema huduma iwe ya wote bila kujali umri, rangi, dini, lugha wala hali ya mtu, na kwamba kimsingi iwe bila malipo. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya imo, umeruhusu vitabu vigeuzwe kuwa vya nukta nundu au vya kusikiliza kwa ajili ya wasioona bila kuvunja hakimiliki. Na Katiba yetu, kifungu cha 7, inaiagiza serikali kukuza lugha za asili, lugha ya ishara na nukta nundu. Maandishi yote hayo ni mazuri. Yanasubiri rafu.

Kama ungependa kuona linalowezekana raia wakiamua, tazama Nairobi. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange, mwandishi, na Angela Wachuka, mchapishaji, walianzisha shirika la Book Bunk kwa lengo la kuifufua McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Matawi hayo mawili, yaliyo katika mitaa ya wafanyakazi, yalikarabatiwa na watoto wakarudi. Walioanzisha kazi hiyo hawakuwa mawaziri. Walikuwa wasomaji walioshindwa kuvumilia kuona vitabu vikioza.

Timau haihitaji nguzo wala simba wa mawe. Inahitaji vitabu vya kilimo vilivyochapishwa miaka ya karibuni, nakala za kutosha za vitabu teule, intaneti ya kuombea kazi na kujaza fomu za serikali, rafu moja ya Kimeru na ya historia ya hapa, na wakutubi waliolipwa kwa wakati. Kila kimoja kati ya hivyo kina mstari wake katika bajeti ya kaunti. Makadirio ya bajeti hiyo hupaswa kufikishwa mbele ya bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kifungu cha 196 cha Katiba kinalazimisha bunge hilo kuwashirikisha wananchi. Mikutano hiyo huitishwa katika wadi, na wanaohudhuria husema barabara, maji na zahanati, kwa haki kabisa. Wewe msomaji wa Timau, wa Gatimbi, wa Mikumbune au wa Embu, nenda kwenye mkutano ujao, simama, na baada ya barabara na maji litaje tawi lako la maktaba kwa jina, useme linakosa nini, na uombe yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.